Nakshi ya plaiwudi nyembamba inapoharibika: dalili, chanzo na tiba

Plaiwudi ya milimita 3 haina mwili. Mbao nene huupinga msumeno wa nakshi (scroll saw, mashine inayokata mapambo ya matundu kwa bledi nyembamba inayopanda na kushuka), na upinzani huo ndio unaokuambia usukume kiasi gani, ugeuke lini na upunguze wapi. Plaiwudi nyembamba haikuambii kitu. Bledi inapenya bila kizuizi, mkono unakosa pa kuegemea, na mstari unavukwa kabla jicho halijaona. Ndiyo maana fundi anayekata vizuri kabisa ubao wa milimita 20 anaweza kuharibu nakshi nzima siku anapohamia kwenye plaiwudi, kisha akadhani mkono wake umepoteza ufundi.

Nikiletewa kazi ya namna hii iliyoharibika, swali langu la kwanza halihusu bledi wala kasi ya mashine. Nauliza chini ya plaiwudi kuliwekwa nini. Jibu likiwa "hakuna kitu", naanzia hapo, hata kama dalili yenyewe inaonekana kuwa mbali.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, zima mashine, chomoa umeme, kisha tazama vitu viwili: kazi yenyewe, juu na chini, na vile vipande vilivyodondoka. Vilivyodondoka vina alama zile zile za bledi, na unaweza kuvikunja, kuvivunja na kuvipima bila kuogopa. Usivitupe mpaka kazi iishe. Baadhi yake utavihitaji tena kwenye shingo zinazovunjika, yaani vijia vyembamba vya mbao vinavyobaki kati ya matundu, na hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko pote.

Upande wa chini una vibanzi

Juu mkato ni safi. Ukigeuza, unakuta nyuzinyuzi zimesimama kando ya kila tundu, na pengine tabaka la chini limemeguka. Meno ya bledi yanaelekea chini, hivyo yanapotokea upande wa pili yanazisukuma nyuzi za tabaka la mwisho. Nyuzi hizo zikikosa kitu cha kuziegemeza zinapinda na kupasuka badala ya kukatwa. Tundu la meza ya mashine nalo ni kubwa mara nyingi kuliko bledi, kwa hiyo pale hasa mbao inapohitaji egemeo ndipo palipo wazi.

Tiba ninayoiamini kuliko zote ni ubao wa kutupwa. Chukua plaiwudi hafifu au kadibodi ngumu ya milimita 3 hadi 6, uiweke chini ya kazi na kuifunga pembeni kwa tepu. Vibanzi vitatokea kwenye ubao huo, si kwenye nakshi yako. Isitoshe, unene umeongezeka, bledi inakata polepole zaidi, na mkono unapata muda wa kufuata mstari. Kwa hiyo ubao mmoja unatibu magonjwa mawili, na ningetamani kila anayeanza aujue kabla hajanunua kifaa kingine chochote.

Usipotaka kuongeza unene, punguza tundu la meza. Bandika kipande cha plastiki nyembamba au kadibodi laini juu ya meza, kisha toboa tundu linaloitosha bledi tu.

Zipo pia bledi ambazo meno yake machache ya chini yamegeuzwa kuelekea juu. Hizo husafisha upande wa chini bledi inapopanda, lakini mradi meno hayo yaifikie mbao. Zungusha mashine kwa mkono mpaka bledi ifike juu kabisa, halafu angalia usawa wa meza: meno 2 au 3 yaliyogeuzwa yanapaswa kuonekana. Yasipoonekana, umenunua bledi ya kawaida kwa jina lingine. Ipandishe kwenye vibanio, vile vinavyoishika bledi juu na chini. Yakiwa mengi mno, yataanza kuinua kazi. Shusha bledi, hata ikibidi kupunguza ncha yake ya chini kwa koleo, au weka ubao mwembamba juu ya meza ili kazi yenyewe ipande. Ukishatumia ubao wa kutupwa meno haya hayana kazi kubwa, kwa hiyo usijisumbue na vyote viwili.

Kazi inadunda mezani

Ikidunda mara tu bledi inapogusa mbao, simamisha. Huenda bledi imefungwa juu chini. Kwenye bledi nyembamba meno hayaonekani kirahisi, hivyo pitisha kitambaa taratibu kando yake: kikishuka kinapaswa kuteleza, kikipanda kinapaswa kunasa. Kikifanya kinyume, geuza bledi.

Ikidunda kwenye kona tu, unasukuma mbao dhidi ya mgongo au ubavu wa bledi badala ya kuizungusha, na bledi iliyobanwa kwenye njia yake huibeba kazi inapopanda. Punguza nguvu, acha meno yakate, zungusha kazi polepole.

Sababu nyingine haifikiriwi mara nyingi: matundu uliyotoboa kwa drili. Kila tundu huacha ukingo wa vibanzi chini, na kazi yenye matundu mengi inakalia vibanzi hivyo badala ya kukalia meza. Vikwangue kwa msasa kabla ya kuanza, au toboa ukiwa na ubao wa kutupwa chini. Plaiwudi iliyopinda nayo hudunda. Iweke upande uliobenuka ukielekea chini ili mbao iguse meza pale bledi ilipo. Mguu wa kukandamizia unaokuja na mashine unasaidia, ingawa wakataji wengi wa nakshi huuondoa kwa kuwa unaziba mchoro. Mimi pia napendelea vidole viwili au vitatu pande zote za bledi, bila kidole hata kimoja kuwa mbele yake.

Bledi inaacha mstari

Angalia kwanza inaachia upande gani. Ikivuta upande ule ule kila mara, kosa si lako. Bledi nyingi hukatwa kwa kufyatuliwa kutoka kwenye chuma, na ukingo wa upande mmoja, kwa kawaida wa kulia, hubaki mkali kuliko mwenzake. Bledi ya namna hiyo haikati moja kwa moja mbele, kwa hiyo kazi inapaswa kulishwa kwa mshazari wa digrii chache. Chora mstari ulionyooka kwenye kipande cha mabaki, ukate huku ukiangalia unalazimika kuelekeza mbao wapi ili ubaki kwenye mstari. Huo ndio mshazari wa bledi hiyo, na mkono utauzoea haraka. Bledi zilizochongwa kwa jiwe hazina tabia hii sana, lakini bei yake ni ya juu zaidi.

Ikiyumba huku na huku, pima mkazo. Isukume bledi kwa kidole kwa pembeni: isogee kama milimita 3, isizidi. Au ichape kama uzi wa gitaa. Sauti nyembamba, safi, ni dalili nzuri. Mlio mzito uliokufa una maana kwamba bledi imelegea, na bledi iliyolegea inajipinda ndani ya mbao wakati wewe juu unaona iko sawa.

Ikifuata nyuzi za mbao, hasa pale mkato unapokwenda sambamba na nyuzi za tabaka la juu, bledi imekwisha makali au unaisukuma kwa ubavu. Bledi za kusokotwa, zenye meno pande zote, zina tabia hii zaidi. Zinafaa kwa kazi kubwa isiyoweza kuzungushwa mezani, lakini mkato wake ni mpana na una mikwaruzo. Kwa nakshi ndogo sizipendekezi.

Na kama bledi inakwenda mbele kuliko unavyotaka, hapo tunarudi kwenye ukosefu wa mwili. Kuna vitu vitatu vya kupunguza mwendo. Unene: ongeza ubao wa chini, au kata nakala 3 au 4 kwa pamoja. Kasi: mashine nyingi za kurekebishika huanzia mapigo 400 hivi kwa dakika na kupita 1,500; kwa plaiwudi moja nyembamba kaa karibu na chini. Bledi: namba ndogo ina meno madogo na hukata taratibu. Kwa plaiwudi moja ya milimita 3 natumia namba 1, au 2/0, iliyo ndogo zaidi, pale mchoro unapokuwa mwembamba sana. Kwa rundo la milimita 6 hadi 9, namba 3. Rundo likikaribia milimita 12, namba 5. Anayeweka namba 7 kwenye plaiwudi moja kwa kuwa ndiyo iliyokuja na mashine ataumia bure.

Ukishavuka mstari, usirudi kwa ghafla. Kurudi kwa ghafla kunaacha pembe, na pembe ndiyo jicho huiona. Rudi kidogo kidogo ndani ya sentimita moja au mbili ili kosa liwe sehemu ya mkunjo. Karatasi ikitoka, mstari wa awali unatoka nao. Isipokuwa mahali pamoja: pale mistari miwili inapokaribiana na kati yake kuna shingo. Hapo ukivuka, vuka kuelekea kwenye kipande cha kutupwa, kamwe si kuelekea kwenye shingo.

Bledi inakatika au inachomoka

Bledi ni kitu cha kutumika na kwisha, na gundi iliyoshikanisha matabaka ya plaiwudi huila haraka kuliko mbao ya kawaida. Kwa hiyo bledi kukatika mara moja moja si tatizo. Zikikatika mfululizo, tazama zinakatikia wapi. Katikati, penye mbao, mara nyingi ni kusukuma kwa nguvu, kugeuka ghafla, au kung'ang'ania bledi butu. Karibu na kibanio, kagua kama vibanio vya juu na vya chini vimekaa mstari mmoja, maana bledi iliyokunjika mlangoni mwa kibanio inachoka pale pale kila pigo. Mkazo uliozidi nao huikata, lakini uliopungua pia huikata, kwa kuwa bledi iliyolegea inapindana kwenye kila kona.

Kipimo changu cha bledi iliyokwisha ni rahisi: nikijikuta nasukuma, nabadilisha. Sisubiri ikatike katikati ya petali ya ua.

Ikichomoka kwenye kibanio, sababu ya kawaida ni mafuta. Bledi nyingi hupakwa mafuta kidogo kiwandani ili zisishike kutu. Pangusa ncha zote mbili kwa spiriti, zikwaruze kidogo kwa msasa, safisha na nyuso za kibanio. Tatizo likiendelea, fungua skrubu ya kibanio uitazame ncha yake. Ikilika inang'aa na kuteleza, hainasi tena. Vaa miwani ya kukinga macho, kwa sababu bledi nyembamba inapokatika vipande vyake havina adabu.

Kuungua kwa ukingo ni nadra kwenye plaiwudi moja, ila hutokea kwenye rundo nene. Badilisha bledi, punguza kasi, na bandika tepu angavu ya kufungia maboksi juu ya mchoro. Husaidia bledi ipite bila kushika moto.

Nakala za chini hazilingani na za juu

Ulikata rundo. Ya juu ni nzuri, ya chini ina shingo nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Hapa hakuna cha kubahatisha: bledi haiko wima juu ya meza. Alama za digrii zilizochapwa chini ya meza usiziamini. Chukua kipande cha mbao nene, kikate kidogo kwa mbele, zima mashine, kisha kizungushe mpaka mkato huo uangalie mgongo wa bledi. Bledi ikiingia kwenye mkato huo bila kugusa, meza imekaa sawa. Ikigusa upande mmoja, rekebisha na urudie.

Ikiwa wima ni sawa na bado nakala zinatofautiana, rundo lenyewe linateleza. Tepu ya pembeni pekee haitoshi kwa nakshi yenye matundu mengi, kwa sababu katikati nakala zinaachana. Weka vipande vidogo vya tepu yenye gundi pande zote mbili katikati ya maeneo yatakayotupwa. Maeneo hayo yakidondoka, yanaondoka na gundi yake.

Kona za ndani ni butu

Bledi ina upana wake, kwa hiyo haiwezi kugeuka mahali pamoja bila kula nafasi. Anayejaribu kugeuka kwenye ncha ya kona anapata duara. Kata mpaka kwenye ncha, rudi nyuma milimita chache ndani ya njia ile ile, kula nafasi kidogo upande wa kutupwa, geuza bledi humo, kisha kata ukitokea upande wa pili mpaka mikato ikutane kwenye ncha. Kwa kona ya nje, toka kabisa kwenye mstari, fanya kitanzi ndani ya mabaki, urudi. Ukiizungusha kazi papo hapo, egemeza mgongo wa bledi kwenye mbao. Mgongo haukati, meno ndiyo yanayokata.

Shingo zinavunjika

Kwenye nakshi ya plaiwudi, kazi yote inaning'inia kwenye shingo: vile vijia vyembamba vya mbao vinavyounganisha sehemu moja na nyingine. Zikivunjika, mtu hulaumu plaiwudi. Mimi naanza na mchoro.

Plaiwudi ya milimita 3 kwa kawaida ina matabaka matatu. La juu na la chini nyuzi zake zinakwenda upande mmoja. La kati linazikata kwa kuvuka. Shingo inayokwenda sambamba na nyuzi za juu inashikiliwa na matabaka mawili. Shingo inayokwenda kwa kuvuka inashikiliwa na tabaka la kati peke yake, na mengine mawili yamekatwa vipande vifupi ambavyo havishiki kitu. Ni plaiwudi ile ile, lakini nguvu ni tofauti kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubandika karatasi, hesabu kwa jicho shingo dhaifu zinaelekea wapi, kisha uzungushe mchoro ili zilizo nyingi, au zilizo ndefu zaidi, zifuate nyuzi za juu. Kazi hii haichukui hata dakika moja, na ndiyo pekee isiyoweza kurudiwa baadaye.

Shingo iliyo nyembamba kuliko unene wa plaiwudi naipanua kwenye mchoro kwa kalamu kabla ya kukata. Aliyeuchora huenda alikuwa akifikiria mbao nyingine.

Chanzo cha pili ni mpangilio. Anayeanza hukata palipo rahisi: matundu makubwa kwanza, kisha muhtasari wa nje, halafu madogo. Huo ni mpangilio wa kuvunja. Kila tundu kubwa unalotoa linaondoa egemeo la shingo zilizo kando yake, na bledi inapofika kwenye tundu dogo la jirani, mbao yote inatetemeka. Anza na matundu madogo kabisa, ya katikati, ukienda nje. Matundu makubwa yaliyo kando ya shingo ndefu yabaki ya mwisho. Muhtasari wa nje uwe baada ya yote, kwa sababu fremu ile ya mabaki ndiyo unayoshikilia kwa vidole.

Hapa ndipo vile vipande vilivyodondoka vinapofaa. Kata kipande kikubwa kilicho kando ya shingo dhaifu, kisha ukirudishe mahali pake na kukifunga kwa tepu juu na chini. Tundu limeshakatwa, lakini mbao bado ina mwili. Unaweza kuendelea na jirani yake bila wasiwasi. Nakshi yenye shingo nyingi ndefu naikata hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, na inakaa mezani ikiwa imejazwa vipande vyake vyote mpaka mkato wa nje ukamilike.

Uvunjaji mwingine hautokei wakati wa kukata kabisa. Unatokea wakati wa kupitisha bledi kwenye tundu linalofuata. Kazi imening'inia upande mmoja, mkono mmoja unatafuta kibanio cha chini, na uzito wote uko kwenye shingo. Iegemeze kazi juu ya meza muda wote, na kama mashine yako ina mkono wa juu unaonyanyuka, unyanyue na upitishe bledi kutokea juu. Tundu la kuanzia liwe karibu na kona ya eneo la kutupwa, mbali na shingo, na liwe dogo: biti ya milimita 1 hadi 1.5 inatosha kwa bledi nyembamba isiyo na pini, yaani kile kijiti cha chuma kinachovuka ncha za bledi. Mashine inayokubali bledi za pini tu italazimisha tundu kubwa zaidi, na kuna michoro ambayo kwa sababu hiyo haiwezekani kwenye mashine hiyo. Afadhali kulijua hilo kabla ya kubandika karatasi.

Imevunjika tayari? Usiikate upya. Plaiwudi huvunjika kwa meno meno, na meno hayo hukaa vizuri yakirudishwa. Tafuta kipande hata kwenye vumbi. Rudisha vipande vya kutupwa kwenye matundu ya jirani, ukiwa umevizungushia tepu ili visigande, na vyenyewe vitashikilia kila kitu mahali pake. Paka gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti cha meno, weka karatasi ya nta juu na chini, kandamiza kwa kitu kizito na uache mpaka gundi ikauke kabisa. Gundi ya kukauka papo hapo ni nzuri kwa nyufa ndogo ambazo hazijaachana, lakini ikimwagika inaacha doa ambalo rangi ya mbao haitaliingia.

Karatasi ya mchoro: inabanduka mapema au inakataa kutoka

Ikibanduka, palikuwa na vumbi, au gundi ya kupuliza ilikuwa chache. Ikikataa kutoka, gundi ilikuwa nyingi au karatasi iliwekwa ingali mbichi. Puliza kwenye karatasi, si kwenye mbao, subiri mpaka inate bila kulowesha kidole, ndipo ubandike. Bora zaidi, funika mbao kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi kwanza na kubandika mchoro juu ya tepu. Inatoka yote pamoja.

Usiivute karatasi kwenye nakshi iliyokwisha kukatwa. Hapo shingo nyingi hufa baada ya kuvuka kila hatari nyingine. Ilegeze kwa joto la kikaushia nywele, au ipake tapentaini kwa brashi, subiri, kisha uitoe ukifuata urefu wa shingo badala ya kuivuka, huku kidole cha mkono wa pili kikiikandamiza mbao. Mchoro uliochapwa kwa wino wa maji huchafua ukilowa, basi maji yasitumike.

Matabaka yanaachana, mbao inapinda

Kipande cha tabaka la juu kikibanduka mahali pamoja tu, kuna uwazi ndani. Plaiwudi hafifu ina mapengo kwenye tabaka la kati ambayo huyaoni ukiwa dukani. Ishike mbele ya taa kali. Nyembamba kiasi hiki hupitisha mwanga kidogo, na mapengo au mafundo huonekana kama madoa. Igongegonge pia kwa ukucha usikilize sauti. Plaiwudi ya betula kutoka nchi za Baltiki inajulikana kwa kuwa na mapengo machache, na kwa nakshi ya siku nyingi inafaa gharama yake.

Kupinda kunatokana na unyevu kuingia upande mmoja kuliko mwingine. Ihifadhi ikiwa imelala, chini ya uzito, isiegemezwe ukutani. Na chochote utakachopaka mbele, kipake na nyuma.

Msasa na vanishi

Piga msasa kabla ya kukata. Nakshi iliyokamilika haivumilii msasa wa nguvu, na tabaka la juu ni jembamba hata chini ya milimita 1, hivyo mashine ya msasa inaweza kulimaliza na kufichua la kati kabla hujashtuka. Baada ya kukata, tumia msasa namba 220 uliobandikwa kwenye ubao bapa, kwa mkono, ukifuata nyuzi za juu. Kona za ndani zisafishe kwa tupa ndogo au msasa uliokunjwa kwenye kijiti. Barakoa isitoke usoni: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la msasa ni laini kuliko la msumeno.

Vanishi ikijikusanya kwenye matundu na kuacha matone, umetumia brashi mahali pasipo pa brashi. Puliza tabaka nyembamba kadhaa ukibadilisha pembe, kwanza nyuma kisha mbele, ukiacha kila moja ikauke. Au tumbukiza kazi yote kwenye sinia ya mafuta ya mbao, itoe, iache ichuruzike, kisha uipanguse na kupuliza hewa kwenye matundu. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa vya kupangusia visifinyangwe na kuachwa kwenye kona ya karakana, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke na kuwa vigumu, au vilowekwe maji kwenye kopo la bati lenye kifuniko.